Bega Linaloruka, na Dawa Iliyofika Siku ya Kilele

Video ina sekunde 40. Mtoto wa kiume wa miaka minane ameketi kwenye jamvi barazani, sinia la maharage mapajani, anachambua. Anapepesa macho mara tatu kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na moshi, bega la kulia linaruka, kisha koo linatoa sauti fupi: kh. Anaendelea kuchambua. Kidogo tena, macho, bega, kh. Mwishoni sauti ya kijana inamwita nje, mpira umeanza. Anaweka sinia chini na kutoka mbio, na kwa sekunde zote tano anazoonekana akikimbia, hakuna jicho wala bega linalocheza.

Mama yake aliituma kutoka Tingi, Wilaya ya Nyasa, wilaya iliyomegwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Chini yake aliandika: "Shikamoo dokta. Nimeambiwa ni macho, tukapewa dawa ya matone. Nikaambiwa ni minyoo, akameza. Bibi yake anasema ni mambo ya ukoo. Nataka kujua chanzo, na kama ipo dawa ya asili, maana hizi za hospitali naziogopa."

Kiswahili hakijalipa jambo hili jina. Tunalo la jirani yake: jicho likimcheza mtu mzima utasikia anaambiwa atapata mgeni, au atalia. Hapo ni ukope tu, unatetemeka wenyewe kwa uchovu na usingizi mchache, na siku mbili tatu huacha. Anachofanya mtoto wa Tingi ni kingine. Madaktari hukiita kwa neno la Kifaransa, na mimi nitaandika tiki, nikiwaomba radhi walimu ambao tiki yao ni ile ya kalamu nyekundu. Tiki ni tendo fupi la ghafla linalojirudia: kupepesa macho, kukunja pua, kutupa kichwa, kuinua bega, kuguna, kunusanusa, kusafisha koo lisilo na kohozi. Huanza mara nyingi kati ya miaka mitano na saba, wavulana mara tatu hadi nne zaidi ya wasichana. Hadi mtoto mmoja kati ya watano wa umri wa shule anaweza kuipitia kwa muda, na wengi wao huacha kabla mwaka haujaisha bila mtu kuwapeleka popote.

Tiki zikipita mwaka, zikiwa za viungo na za sauti pia, hali hiyo huitwa Tourette, kwa jina la Georges Gilles de la Tourette, daktari wa Paris aliyeandika habari za wagonjwa tisa mwaka 1885. Sinema zimewafundisha watu kwamba Tourette ni kutukana ovyo. Wanaotukana ni kama mmoja tu kati ya kumi.

Chanzo sasa. Mama wa Tingi ana majirani Wamatengo, kwa hiyo mfano ninao karibu. Kwenye miteremko ile mikali Wamatengo hulima ngolo: hulaza nyasi kwa mistari inayokatizana, huchimba udongo wa katikati na kuifunika, shamba zima likabaki mashimo yenye kingo. Mvua ikipiga, maji hukaa shimoni badala ya kuporomoka na udongo kwenda bondeni. Ubongo nao una ngolo zake. Chini kabisa ya gamba lake kuna mafungu ya seli ambayo sehemu kubwa ya kazi yao ni kuzuia. Kila dakika vijitendo vingi vinataka kushuka kwenda kwenye misuli, na yale mafungu hukiachia kinachohitajika na kuvishika vingine. Kwa mtoto mwenye tiki kingo ni legevu, na kitu kinachoitwa dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli, inahusika katika ulegevu huo. Kijito kinapenya: bega. Kadiri mtoto anavyokua kingo hukaza, ndiyo maana wengi wakifika miaka 18 tiki zimepungua sana au zimekwisha.

Ulegevu huo hurithiwa. Bibi aliyesema ni mambo ya ukoo hakukosea sana, ila alikuwa anafikiria mizimu. Nilipomuuliza mama kama upande wa baba kuna aliyewahi kuwa hivi, baba, aliyekuwa akisikiliza simu ikiwa kwenye spika, alijibu mwenyewe kwamba hakuna kitu kama hicho kwao. Akasafisha koo. Akasafisha tena. Shangazi mtu ndiye aliyecheka na kusema, "Kaka, wewe ulikuwa unakonyeza mpaka wasichana wakadhani unawatongoza."

Kuna jambo moja ambalo nisipolieleza, mengine yote hayataeleweka. Tiki hupanda na kushuka. Wiki tatu bega litaruka mpaka mtoto aumwe shingo, kisha mwezi mzima litatulia, halafu itakuja pua badala ya bega. Mitihani huzichochea, usingizi mchache huzichochea, hata furaha ya sikukuu. Kwa wastani mbio zote hufika juu kabisa kati ya miaka 10 na 12, ndipo zikaanza kuteremka.

Fikiria sasa ni siku gani mzazi anaondoka nyumbani kutafuta dawa. Haendi mwezi ambao bega limetulia. Anakwenda siku ile ambayo mambo yamefika kileleni, na kutoka kileleni njia iliyobaki ni ya kushuka. Chochote atakachopewa siku hiyo, uwe mzizi, maombi, kidonge au ushauri wangu mimi, kitaonekana kimefanya kazi. Mganga hatakuwa amedanganya. Ameona kwa macho yake mtoto akitulia ndani ya wiki mbili, na mama ameona, na jirani ameona. Miezi mitatu baadaye tiki zikirudi watasema dozi haikukamilika, au kuna mtu amemroga upya.

Kwa sababu hiyo watafiti hawatosheki na ushuhuda. Hugawa watoto makundi mawili, moja likapewa dawa na jingine kitu kinachofanana nayo. Mafuta ya samaki, ambayo wazazi wengi huyaulizia, yalipimwa hivyo Marekani, na matokeo yakachapishwa mwaka 2012. Watoto 33, wiki 20, kundi la pili likipewa mafuta ya zeituni. Mafuta ya samaki hayakupunguza tiki kuliko yale ya zeituni. Nikamwambia mama, dagaa wa Ziwa Nyasa mpe, mbasa akipatikana mpe, ni chakula kizuri kwa mtoto, lakini usiuze gunia la mahindi ununue kichupa cha vidonge vya samaki kutoka Dar es Salaam. Magnesi nayo inasifiwa sana na wauza virutubisho, na ushahidi wake kwa tiki ni haba mno. Maharage aliyokuwa akichambua yule mtoto yana magnesi, na karanga pia, na mboga za majani.

Mlonge, asali, tangawizi: sina ugomvi navyo jikoni. Ugomvi wangu uko kwenye chale. Mtoto alikuwa ameshachanjwa mbili juu ya nyusi na kupakwa unga mweusi. Wembe uliopita kwa mtu mwingine unaweza kubeba homa ya ini na virusi vya UKIMWI, na kidonda chenye uchafu kinaweza kuleta pepopunda. Siuamini pia unga usio na jina unaomezwa. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, kwa hiyo kuomba kuona cheti si kumvunjia mtu heshima. Anayetembea na spika mnadani akitibu tiki, kisukari na nguvu za kiume kwa chupa moja, huyo hata cheti usimwombe. Mpite.

Kabla ya kumwambia mama atulie, nilitazama video mara sita, kwa kuwa ukanda ule una magonjwa yanayojifanya tiki. La kwanza ni kifafa. Mwenye tiki hapotezi fahamu: ukimwita anaitika, kikombe hakimdondoki, hajikojolei. Mtoto anayekodoa macho na kutosikia jina lake kwa sekunde kadhaa, au anayetingishika upande mmoja akiwa usingizini, aende hospitali. Katika Wilaya ya Nyasa watu hufuga nguruwe, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwakuta nguruwe wa huko na viluwiluwi vya tegu. Mayai ya tegu huyo yakimwingia mtu kwa mikono au maji machafu, viluwiluwi vyake vinaweza kukaa kwenye ubongo na kuleta kifafa.

Kisha kuna kusinzia kichwa. Kaskazini-mashariki, Mahenge, daktari Mnorwe Louise Jilek-Aall alifungua kliniki ya kifafa takriban mwaka 1960, na ndiye aliyeandika kwanza habari za watoto ambao vichwa vyao huinama na kuinuka taratibu, mara nyingine wakiwa mbele ya chakula. Hali hiyo hutokea kwenye maeneo yenye usubi, na Ruvuma ni mojawapo ya mikoa yenye usubi. Kichwa cha tiki hutupwa kwa ghafla, kama mtu anayeondoa nywele usoni. Kile cha kusinzia huanguka kama cha mtu aliyechoka na ibada ndefu. Dawa za usubi za kila mwaka zikigawiwa, mimi nameza, na watoto wangu nawapanga foleni.

La tatu ni mtoto aliyeumwa koo kwa homa, halafu wiki kadhaa baadaye mikono yake inaanza kucheza mfululizo, hashiki kalamu, anamwaga uji. Hiyo haina ule ufupi wa tiki, inatiririka. Ni alama ya ugonjwa unaofuata bakteria wa koo na ambao huharibu vali za moyo. Huyo asisubiri kesho. Na mtoto aliyepewa dawa ya kuzuia kutapika, kisha siku hiyohiyo shingo ikapinda na macho yakageukia juu, hana pepo. Ni dawa ile imemkataa, na hospitali wanayo sindano ya kumfungua.

Mtoto wa Tingi hakuwa na hata moja kati ya hayo. Ana tiki, na ndiyo maana nilimpa tiba inayokaribia zaidi kile mama alichokiita cha asili, kwa kuwa haina kidonge ndani yake. Tiki nyingi hutanguliwa na mwasho, kama ule wa chafya kabla haijatoka. Watoto wakubwa kidogo huweza kuusema. Wa kwetu alisema, "Bega linakuwa kama limevaa shati lenye nyasi." Basi mwasho ukija, afanye tendo linalopingana na tiki: kiwiko kibane ubavuni, bega lisukumwe chini taratibu, avute pumzi, akae hivyo dakika moja au mpaka mwasho upite. Kwa sauti ya koo, afunge mdomo na kupumua polepole kwa pua. Mbinu hii ilielezwa mwaka 1973, na mwaka 2010 ikapimwa Marekani kwa watoto 126 katika vipindi vinane. Nusu na zaidi kidogo ya waliofundishwa mbinu hiyo, asilimia 52.5, walipata nafuu ya kueleweka, dhidi ya asilimia 18.5 ya waliopewa mazungumzo na kutiwa moyo peke yake. Haifuti ngolo legevu. Inampa mtoto jembe la kukarabati ukingo mmoja kwa wakati mmoja. Dawa za hospitali zipo, haloperidoli na nyinginezo, na husaidia, lakini huleta usingizi na unene, nazo nawawekea wale ambao tiki zinawaumiza mwili au zinawatoa shuleni.

Mazoezi ni dakika kumi jioni, tiki moja tu, na akipatia asifiwe. Nje ya dakika hizo hakuna anayeruhusiwa kusema "acha." Hapo ndipo mama alinyamaza kidogo. Nyumba nzima ilikuwa inasema acha, na darasani alikuwa anachapwa kwa kumkonyeza mwalimu. Kumkaripia mtoto kunafanya kazi kwa dakika tano, kwa sababu tiki inazuilika kidogo kama chafya, na kwa hizo dakika tano watu huamini alikuwa akijifanyisha. Baadaye zote hutoka kwa pamoja, mara nyingi nyumbani.

Barua kwa mwalimu tuliiandika pamoja kwa simu. Ilisema mtoto hakonyezi kwa utovu wa adabu, asikatazwe mbele ya wenzake, aketi pembeni karibu na dirisha, na akiomba kutoka dakika mbili aruhusiwe. Tuliongeza mstari mmoja kuhusu Tim Howard, mlinda mlango mwenye Tourette, ambaye kwenye Kombe la Dunia la 2014 alizuia mashuti yasiyopungua 15 ya Ubelgiji katika mechi moja. Mwalimu ni shabiki wa Everton, timu aliyoidakia Howard, hata alisafiri hadi Dar es Salaam mwaka 2017 walipokuja kucheza na Gor Mahia. Wakati huo Howard alikuwa ameshaondoka, lakini barua ilifanya kazi yake.

Jambo la mwisho nililomwomba mama lilikuwa daftari la senti chache: kila Jumapili aandike tiki ipi ipo, imepanda au imeshuka, mtoto alilala saa ngapi, na amepewa nini.

Mvua za Desemba zilipoanza alinipigia. Bega limeacha kabisa, wiki ya pili sasa. Kisha akashusha sauti, kwa sababu bibi alikuwa karibu. "Dokta, nisikufiche. Ule mzizi wa bibi nilimpa kidogo, kama siku nne. Sasa ni mazoezi, au ni ule mzizi?" Nikamwambia aandike tarehe zote mbili kwenye lile daftari, na Februari shule zikishachangamka anisomee ukurasa mzima.