Tembo na Pweza wa Kilindini: Neno Juu ya Kupanga Majina

Yuko pweza akaaye kilindini, wa jenasi iitwayo Grimpoteuthis, ambaye huko Marekani na Ulaya amepewa jina la Dumbo, yule mwana-tembo wa sinema ya mwaka 1941 aliyeruka kwa masikio yake. Sababu ni mapezi mawili yaliyochomoza juu ya macho yake. Mwaka 2019 pweza wa aina hii alionekana katika Bahari ya Hindi, kwenye korongo la Java, karibu meta 7,000 chini ya maji. Mwandishi wa kitabu cha elimu ya viumbe hana budi kumpatia jina la Kiswahili, na lililo jepesi ni "pweza-tembo".

Kwa maoni yangu jina hilo lafananisha pasipofaa. Sikio la tembo husikia, na zaidi ya hayo hupoza mwili: damu hupita katika mishipa iliyo karibu na ngozi, na tembo apepeapo, joto humtoka. Pezi la pweza halina kazi hizo. Kazi yake ni kuogelea, nalo hushikiliwa na gamba dogo lililofichika ndani ya mwili.

Mfano wa kweli uko kwingine. Mkonga wa tembo hauna mfupa hata mmoja. Na mnyiri wa pweza vivyo hivyo. Vyote viwili ni misuli, na kwa kuwa ujazo wa misuli haubadiliki, ikijibana kwa unene hurefuka; ikijikaza upande mmoja, kiungo hupinda. Kier na Smith walilieleza jambo hili mwaka 1985, wakiuweka ulimi pamoja na viungo hivi. Tofauti zipo: mkonga hupitisha pumzi, na mnyiri hushika kwa kufyonza. Lakini Kiswahili kilikwisha kuuona udugu huo, maana twasema "mkono" wa pweza, na "mkono wa tembo" pia, hata ndizi moja kubwa ikapewa jina hilo.

Basi akitaka mtu kuwalinganisha wanyama hawa, na aanzie mkononi, asianzie sikioni. (Tena "tembo" kwa mtu wa pwani ni kileo cha mnazi vilevile.) Napendekeza "pweza-mapezi". Mvuvi ajua kuwa pweza wa mwambani hana pezi. Na ngisi, aliye nalo, ana jina lake.