Betri gani kwa redio ya kikundi chetu?



Hapa Katanga tunajua uzito wa uvumi. Familia zilizokimbia Mitwaba, Pweto na Manono mwaka 2005 na 2006, na tena kati ya 2012 na 2014, zilipaswa kujiuliza mara nyingi: turudi nyumbani, au tungoje? Neno moja la uongo linaweza kuipeleka familia kwenye hatari, au kuwachonganisha wageni na wenyeji wanaowapokea. Kwa sababu hiyo tunahimiza watu wakae pamoja, wasikilize habari ileile kwa saa ileile, halafu wazungumze. Radio Okapi, iliyoanza tarehe 25 Februari 2002, hutangaza pia kwa Kiswahili.

Lakini chini ya mti hakuna umeme wa SNEL, na hata mjini Lubumbashi umeme hukatika. Betri ikizimika katikati ya habari, watu huondoka na nusu ya neno, na nusu ile nyingine hujazwa na uvumi. Kwa hiyo kuchagua betri ni sehemu ya kazi ya amani.

Kwanza, piga hesabu

Usianze na betri. Anza na vyombo. Angalia wati zilizoandikwa nyuma ya kila chombo, uzidishe kwa saa za kusikiliza. Kwa mfano:

- Redio ya wati 3 kwa saa 2: 3 x 2 = 6
- Kipaza sauti cha wati 15 kwa saa 2: 15 x 2 = 30
- Jumla: 36 (hizi huitwa wati-saa)

Betri nayo ina hesabu yake: volti mara ampea-saa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84.

Pili, jua tabia ya kila betri

Betri ndogo za tochi. Zinafaa redio ndogo ya familia moja. Kwa kipaza sauti zinaisha upesi, na kununua mpya kila juma kunamaliza mfuko wa kikundi.

Betri ya gari. Wengi huichukua kwa sababu inapatikana. Lakini imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi ili kuwasha injini. Ukiimaliza mara kwa mara, inakufa mapema. Tena ni nzito, na nyingi zina maji ya asidi yanayoweza kumwagika.

Betri ya risasi iliyofungwa. Haimwagiki, na bei yake ni nafuu. Tumia nusu tu ya nguvu yake, kisha uichaji siku hiyohiyo. Ikilala tupu, inaharibika. Ile ya ampea-saa 7 inatoa 42 kwa usalama: inatosha kikao chetu kimoja cha 36. Mkitaka vikao viwili bila kuchaji, chukueni ya ampea-saa 12, yenye uzito wa kilo 4 hivi.

Betri ya lithiamu ya chuma na fosfeti. Bei yake ni kubwa zaidi mwanzoni, lakini unaweza kutumia sehemu 8 kati ya 10 za nguvu yake, na inachajiwa mara nyingi zaidi kabla ya kuchoka. Ya ampea-saa 7 ina uzito wa kilo 1 hivi, hata kijana anaibeba kwa miguu. Ni lazima itumie chaja yake.

Wakati wa kununua, iwe Kenya au Kamalondo, peleka redio yenu dukani muijaribu. Inua betri pia: ya risasi ya ampea-saa 7 huwa na kilo 2 au zaidi. Ikiwa nyepesi sana, maandishi yake yana mashaka.

Tatu, fikiria namna ya kuchaji

Sahani ya jua ya wati 20, wakati wa kiangazi, huweza kurudisha wati-saa 60 hivi kwa siku yenye jua zuri. Wakati wa mvua, kuanzia Novemba, hesabu siku mbili au tatu kwa kazi hiyohiyo. Weka kifaa cha kuongoza chaji kati ya sahani na betri. Kama redio yenu inakubali volti 12, iunganisheni moja kwa moja. Mashine ya kugeuza umeme kuwa volti 220 hula sehemu ya nguvu bure.

Nne, usalama

- Weka fyuzi karibu na ncha ya kujumlisha (+), na usichanganye waya mwekundu na mweusi.
- Weka betri kivulini, mbali na joto la hema na moto wa jikoni.
- Usifungue betri wala kuyeyusha risasi yake. Sumu yake hudhuru ubongo wa watoto.
- Betri iliyokufa isitupwe chooni, kisimani wala motoni.

Tano, nani ataitunza?

Hapa ndipo ugomvi huzaliwa. Betri ikilala kwa mtu mmoja, wengine watasema ni yake. Simu za jirani zikichajiwa juu yake usiku, kesho redio itanyamaza.

Kabla ya kununua, kaeni pamoja. Chagueni kamati yenye wanawake na wanaume, waliohama na wenyeji. Andikeni kwenye daftari nani anashika betri juma hili, imechajiwa lini, na kama simu zinaruhusiwa au la. Kama simu zinalipiwa, pesa ziandikwe mbele ya wote na ziwekwe kwa ajili ya betri ijayo, kwa maana kila betri huchakaa.

Tunawatakia usikivu mwema, na mazungumzo mema baada ya redio kuzimwa.