Fundi wa Saa Aliyefunga Duka Lake

Katika nyumba nyingi za Wakatoliki vijijini imo picha ya Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, ameshika msalaba na mawaridi. Mabinti wengi wamebatizwa kwa jina lake. Walakini habari za baba yake si wengi wanaozijua, hasa jambo moja alilolifanya mwaka 1870, ambalo wanaume wengi wangaliliona kuwa ni aibu.

Baba huyo aliitwa Louis Martin. Alizaliwa mwaka 1823 katika mji wa Bordeaux, nchi ya Ufaransa. Katika ujana wake alitaka kuwa mtawa, akapanda milima mirefu mpaka monasteri ya Mtakatifu Bernardo, lakini hakupokewa kwa kuwa hakujua Kilatini. Basi akajifunza ufundi wa saa, na mwaka 1850 akafungua duka lake mwenyewe mjini Alençon. Kazi yake ilikuwa safi na watu walimwamini. Siku ya Jumapili hakufungua. Rafiki zake walimwambia kwamba anapoteza fedha nyingi, maana Jumapili ndiyo siku ambayo watu wa mashamba huja mjini. Yeye hakujali, akaenda zake Misani.

Tarehe 13 Julai 1858 alifunga ndoa na Zélie Guérin. Naye Zélie alikuwa na kazi yake, tena kazi kubwa. Alitengeneza lesi, yaani kile kitambaa chepesi chenye matundu kama utando wa buibui, ambacho mabibi matajiri walipamba nguo zao. Lesi ya Alençon hushonwa kwa sindano, kipande kidogo kidogo. Wanawake walishona vipande hivyo majumbani mwao, na siku ya Alhamisi wakamletea Zélie. Yeye mwenyewe aliviunganisha, asionekane mshono hata mmoja. Mtu akijaribu kutia uzi katika sindano usiku, mbele ya taa, atajua kazi hiyo ni ya namna gani.

Mungu aliwajalia watoto tisa, akawaita wanne wangali wadogo. Mwaka 1870 peke yake walizika wawili: Hélène, msichana wa miaka mitano, mwezi wa Februari, na mwezi wa Oktoba mtoto mchanga ambaye hakutimiza hata miezi miwili. Na nyumba hiyo yenye matanga ilikuwa na biashara mbili. Lesi ilizidi kutafutwa. Katika barua alizowaandikia ndugu zake, Zélie alilalamika mara nyingi kwamba kazi inamlemea.

Mwaka uo huo Louis aliuza duka la saa kwa mtoto wa ndugu yake. Alikuwa na miaka kama arobaini na saba, fundi kamili, naye akaacha ufundi wake awe msaidizi katika biashara ya mkewe. Alishika daftari za hesabu, akasafiri mpaka Paris kupeleka lesi na kutafuta wanunuzi.

Huku kwetu mwanamume akiacha kazi mjini akarudi nyumbani, majirani huuliza kama amefukuzwa. Na akionekana amebeba kapu la biashara ya mkewe, watamcheka kilabuni mwezi mzima. Sidhani kwamba watu wa Alençon walikuwa wapole kuliko sisi. Tena angalieni, Louis hakumwambia mkewe, “Wewe ndiwe mwanamke, funga kazi yako ulee watoto.” Alifunga ya kwake.

Msidhani lakini kwamba tangu siku hiyo raha iliingia nyumbani. Teresia alipozaliwa, tarehe 2 Januari 1873, mama hakuweza kumnyonyesha. Ilibidi kumpeleka kijiji cha Semallé kwa mama mmoja mkulima, akae huko mpaka Aprili 1874. Zélie aliendelea na sindano yake, na huku uvimbe ulikuwa unakua katika titi lake. Ilikuwa kansa. Mwezi wa Juni 1877 alikwenda Lourdes kuhiji, akarudi hakupona. Alifariki dunia tarehe 28 Agosti, mwenye umri wa miaka 45.

Sasa Louis alibaki na mabinti watano, wa kwanza wa miaka 17, wa mwisho wa miaka minne. Alençon alikuwa na rafiki zake na mito ya kuvulia samaki. Alipenda sana kuvua, na samaki wengine aliwapelekea masista Waklara. Lakini katika mji wa Lisieux alikaa kaka yake Zélie, muuza dawa, pamoja na mkewe, na kwao mabinti wangepata shangazi wa kuwaangalia. Basi biashara ya lesi nayo ikaachwa, na mwezi wa Novemba 1877 wote wakahamia Lisieux. Hiyo ilikuwa mara ya pili kwa mtu huyu kuacha kazi kwa ajili ya nyumba yake. Mimi naona mara hii ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu mkewe hakuwapo tena wa kumshukuru.

Louis alifariki mwaka 1894. Tarehe 18 Oktoba 2015 Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza Louis na Zélie kuwa watakatifu katika Misa moja.

Teresia mwenyewe ameandika habari za maisha yao ya Lisieux. Mchana baba alimshika mkono wakaenda kutembea, wakaingia kanisani kuabudu Sakramenti Takatifu. Jioni walicheza dama, kisha mmoja wa dada wakubwa akasoma kitabu cha dini. Wakati huo Teresia alikaa magotini pa baba yake, na kitabu kikiisha, mzee akamwimbia kwa sauti yake nzuri, mpaka saa ya sala.