Gari la Marekani Katika Barabara za Kanada

Kanada na Marekani huendesha magari upande uleule wa barabara, na viwanda vyao vimefungamana kiasi kwamba vipuri huvuka mpaka mara kadhaa kabla ya gari kukamilika. Hata hivyo, gari lililonunuliwa Detroit haliwi halali Windsor kwa kuwa tu limevuka mto. Kila nchi ina viwango vyake vya usalama, na ushahidi wa kuvikidhi ni kibandiko ambacho mtengenezaji hukiweka, aghalabu kwenye fremu ya mlango wa dereva. Kwa hiyo jambo linaloangaliwa kwanza si uzima wa gari bali lilivyoundwa, na gari jipya kabisa linaweza kukataliwa ilhali lililotimiza miaka 15 huondolewa katika masharti hayo.

Tofauti zenyewe ni chache, lakini kila moja ina sababu nzito. Taa za mchana, yaani taa za mbele zinazowaka zenyewe gari linapotembea hata wakati wa jua, zimekuwa sharti Kanada kwa magari mapya tangu 1990, wakati Marekani inaziruhusu bila kuzilazimisha. Katika nchi ya kaskazini ambako jua la majira ya baridi halipandi juu, gari la kijivu lisilo na taa huonekana likiwa limekwisha kukaribia. Tangu Septemba 2007 Kanada imedai pia kidhibiti cha injini, kifaa kinachoizuia kuwaka bila ufunguo wenye msimbo wake. Kukihesabu miongoni mwa vifaa vya usalama ni uamuzi wa busara, kwani mwizi anayekimbizwa huua watu barabarani. Baadhi ya magari ya Hyundai na Kia yaliuzwa Marekani bila kifaa hicho, na wimbi la wizi lililofuata lilidhihirisha gharama ya kukiacha.

Mwagizaji mwangalifu hulitafuta gari katika orodha ya yanayokubalika kabla ya kulilipia, hupata barua ya mtengenezaji inayothibitisha kuwa halina kasoro iliyotangazwa na kuachwa bila kurekebishwa, na huwasilisha hati ya umiliki kwa forodha ya Marekani angalau saa 72 kabla ya kuvuka mpaka wa nchi kavu. Akishaingia Kanada, ana siku 45 za kufanya marekebisho na ukaguzi. Gari lisiloweza kufikishwa kwenye viwango halisajiliwi, bali hutolewa nchini au huharibiwa.