Umeneja ni mkono, wala si mjeledi

Baadhi ya maneno hupanda cheo hadi yakasahau kwao. Neno la Kiingereza 'manage', ambalo sisi tumelitohoa tukapata meneja, umeneja na menejimenti, ni mojawapo ya maneno hayo. Siku hizi ni nadra kukuta kiwanda, benki, shamba la majani chai au timu ya kandanda isiyo na meneja. Hata hivyo, ni wachache mno miongoni mwa wanaojivunia cheo hicho wanaojua kwamba neno lenyewe liliingia katika Kiingereza likiwa limepanda farasi.

Asili yake ni mkono. Warumi waliuita mkono 'manus', na kutokana na neno hilo Waitaliano wakapata kitenzi 'maneggiare', yaani kukishika kitu na kukitumia kwa mkono, na hasa kumfunza farasi. Katika karne ya 16 mji wa Naples ulisifika kote Ulaya kwa sanaa ya upandaji farasi. Mnamo mwaka wa 1550 bingwa mmoja wa mji huo, Federico Grisone, alichapisha kitabu kuhusu sanaa hiyo, na haukupita muda mrefu kabla ya Mwingereza Thomas Blundeville kuwatolea wenzake mafunzo yale kwa lugha yao. Ndiyo enzi ambayo Waingereza walilipokea neno 'manage'. Maana yake ya awali ilikuwa kumzoeza farasi mwendo: ageuke anapotakiwa, asimame bila kushtuka, arudi nyuma, akimbie kwa mizani.

Shakespeare alilitumia neno hilo kwa maana iyo hiyo. Mwanzoni mwa tamthilia yake iitwayo As You Like It, kijana Orlando analalamika kwamba farasi wa kakake wanalishwa vyema na kufunzwa na walimu waliokodiwa kwa fedha nyingi, ilhali yeye, ndugu wa damu, ameachwa bila malezi wala elimu. Malalamiko hayo yangali yanasikika. Ni mara ngapi tumeona mitambo ya kampuni ikipakwa mafuta na kufunikwa isinyeshewe, na kibarua anayeiendesha akikosa hata mahali pa kujikinga na mvua?

Baadaye neno lilihama. Kutoka kwa farasi likaenda kwenye silaha, kisha nyumba, fedha na mashamba. Wajuzi wa lugha husema lilisukumwa huko na neno la Kifaransa 'ménage', lenye kuhusu mambo ya nyumba, ambalo linafanana nalo kwa sauti ingawa asili zao ni mbalimbali. Hatimaye likafika viwandani, na huko ndiko lilikopoteza jambo muhimu lililokuwa ndani yake tangu mwanzo.

Jambo hilo ni mkono wenyewe. Anayempanda farasi hushika hatamu, na hatamu hizo zimefungwa kwenye lijamu, chuma kikaacho kinywani mwa mnyama, juu ya ufizi pale pasipo na meno. Mahali hapo pana wepesi mkubwa wa kuhisi. Kidole cha mpandaji kikitikisika, farasi hupata habari. Kwa hiyo mpandaji stadi huvuta kidogo, na farasi akitii, huilegeza hatamu papo hapo. Kule kulegeza ndiko kumwambiako mnyama kwamba ametenda sawa. Mpandaji mbaya huvuta na kuendelea kuvuta. Kinywa cha farasi hufa ganzi, naye hulazimika kuvuta kwa nguvu zaidi siku ya pili, na zaidi siku ya tatu, kisha hulaumu farasi kwa ukaidi ambao yeye mwenyewe ndiye aliyeufunza.

Nisieleweke kwamba nawasifu mabingwa wa kale bila kubagua. Grisone mwenyewe alipendekeza adhabu za kikatili dhidi ya farasi mkaidi. Lakini palikuwa na mkondo mwingine. Myunani Xenophon, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, alifundisha kwamba alitendalo farasi kwa kulazimishwa hulitenda bila kuelewa, wala halina uzuri, kama vile usivyoweza kupata ngoma nzuri kwa kumchapa mchezaji. Naye Mfaransa Antoine de Pluvinel, aliyesomea sanaa hiyo Italia na kumfunza mfalme Louis wa 13, alisisitiza subira na upole. Mafunzo yake yalichapishwa mwaka wa 1623, baada ya kifo chake.

Swali ni hili: viwanda vilirithi mkondo upi? Mwaka wa 1911 Mmarekani Frederick Winslow Taylor alitoa kitabu ambacho wengi hukihesabu kuwa msingi wa elimu ya menejimenti. Humo anasimulia jinsi kibarua wa kubeba vipande vya chuma alivyofundishwa kupakia tani 47 na nusu kwa siku badala ya 12 na nusu, huku ujira wake ukipanda kutoka dola 1.15 hadi 1.85. Kazi iliongezeka karibu mara nne. Ujira haukufika hata mara mbili. Isitoshe, Taylor aliandika bila kusita kwamba mtu afaaye kazi hiyo ni yule ambaye akili yake inakaribia ya maksai. Tazama basi safari ya neno: lilianza kwa binadamu kujifunza kuuhisi moyo wa mnyama, likaishia kwa binadamu kumhesabu mwenzake kuwa mnyama asiye na moyo.

Sisi wasemao Kiswahili hatuna haki ya kuwacheka Waingereza katika hili, kwa kuwa msamiati wetu wa utawala nao umetoka kwa farasi. Kila uchaguzi unapokaribia husikia magazetini na redioni kwamba fulani anataka kushika hatamu za uongozi. Wangapi kati ya wanaozitamani hatamu hizo wanakumbuka kwamba upande wa pili pana kinywa?

Fauka ya hayo, tuna neno siasa. Limetoka kwa Kiarabu, na shina lake lahusu kumtunza na kumwongoza farasi. Katika shina hilo hilo mna neno saisi, mtunza farasi, ambalo Wakenya waliofanya kazi kwa walowezi walilifahamu vyema. Saisi ndiye aliyeamka alfajiri kumlisha farasi, kumsugua na kumkagua kwato, ilhali kikombe cha ushindi kilichukuliwa na mwingine. Tena, katika Kiswahili cha zamani kutenda jambo kwa siasa kulimaanisha kulitenda kwa upole, taratibu na uangalifu. Leo ukimwambia mtu afanye jambo kwa siasa, atadhani unamshauri adanganye. Wala si neno lililoharibika lenyewe. Limeharibiwa na matendo ya waliolishika.

Sidai kwamba mfanyakazi ni farasi. La hasha! Farasi hawezi kuunda chama, kupiga kura wala kuandika barua ya kujiuzulu. Nasema tu kwamba ikiwa mnyama asiyesema alistahili mkono wenye hisia, mwenye kusema anastahili zaidi. Tuna mameneja ambao hawajapata kushika mkono wa kibarua hata mmoja. Humjua kwa nambari, na mavuno yakipungua huagiza mnyapara akaze kamba. Kisha hushangaa mgomo unapozuka, ilhali hatamu walikuwa wameivuta mwaka mzima bila kuilegeza hata siku moja.

Wenye vyuo vya biashara wangefanya jambo la maana kama wangeanza somo la kwanza la menejimenti kwa asili ya neno lenyewe. Mwanafunzi ajue kwamba cheo anachokisomea kimetokana na mkono: mkono ujuao kushika, na ambao, zaidi ya yote, wajua wakati wa kulegeza. Mjeledi hauhitaji chuo. Hata asiyesoma anaweza kuuinua.