UZI: "Uchumi wa buluu" ni zaidi ya samaki na bandari

1/ Kila msimu wa siasa kuna mgombea atasimama Pwani aseme uchumi wa buluu utaleta kazi. Makofi. Kisha mdahalo unaingia kwa bandari na meli za kigeni za uvuvi, unaishia hapo. Nasomea sayansi ya siasa, na leo nataka tuguse kipande kinachorukwa: bioteknolojia ya bahari. Twende.

2/ Kwa lugha rahisi, ni kutumia viumbe vya baharini, au jeni zao, kutengeneza dawa, vipodozi, chakula na bidhaa za viwanda. Sitarabini, dawa ya saratani ya damu iliyoidhinishwa Marekani 1969, ilitokana na utafiti wa kemikali za sponji wa bahari ya Karibi. Zikonotidi, dawa ya maumivu makali iliyoidhinishwa 2004, ni nakala ya sumu ya konokono wa baharini.

3/ Sasa shika hili. Dawa zote mbili hutengenezwa maabara. Hakuna anayerudi baharini kutafuta sponji. Mnunuzi wa samaki lazima arudi kesho, lakini jeni ikishatoka mara moja, imetoka. Siku hizi msimbo wake hutumwa kwa intaneti, forodha haioni kitu. Kwa hivyo mkataba unafaa kuwepo KABLA ya sampuli kuondoka.

4/ Hii Kenya tushaionja, ingawa si baharini. Vijidudu vilichukuliwa kwenye maziwa yetu ya magadi ya Bonde la Ufa. Vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaishia kwa sabuni za kufulia na viwanda vya jinzi ng'ambo. Mwaka 2004 KWS ililalamika hadharani kwamba Kenya haikupata fungu lake. Biashara ilikuwa ishaanza kitambo.

5/ "Basi tutunge sheria!" Pole pole, zipo. Katiba, kifungu cha 69, inaitaka serikali ilinde rasilimali za jeni na kuhakikisha manufaa yanagawanywa kwa haki. Kanuni za 2006 zinadai kibali cha NEMA. Tumo pia kwenye Itifaki ya Nagoya ya 2010. Swali ni nani anafuatilia sampuli ikishavuka mpaka.

6/ Upande wa pili nao una hoja. Mtafiti Mkenya anayetaka kuchunguza sponji wa hapa hapa anahitaji vibali zaidi ya kimoja. Ukikaza sana, unamfungia mwanafunzi wa kwetu huku kampuni kubwa ina mawakili wa kujaza fomu. Ukilegeza, ni maziwa ya magadi tena. Huo ndio mdahalo wenyewe, na sijausikia jukwaani.

7/ Na kuna pesa iliyo karibu zaidi: mwani. Kibuyuni, kaunti ya Kwale, akina mama wanafunga vipande kwa kamba, wanavuna, wanaanika juani, wanauza mkavu. Ndani yake mna karagini, kinachofanya dawa ya meno na aiskrimu ziwe nzito. Jua ni la bure. Kutoa karagini kunahitaji kiwanda, umeme na maji safi, na faida kubwa hukaa hapo. Tena mbegu ni vipande vya mwani uleule, msimu baada ya msimu. Hudhoofika, na maji yakipata joto huugua. Maabara inaweza kuzalisha mbegu zenye afya. Kwa mama wa Kibuyuni, hiyo ni karo ya shule, si sayansi ya mbali.

8/ Kwa hivyo mgombea akitaja uchumi wa buluu, muulize:
– Mwani utasindikwa wapi, na kwa umeme wa bei gani?
– Bajeti ya maabara ya mbegu ni ngapi?
– Jeni ya kiumbe wa Pwani ikizaa dawa, kijiji kilichomtunza kinapata nini?

Akijibu kwa hadithi ya meli na samaki tu, ujue hajasoma. Swali lako liweke hapo chini, tujibizane kwa hoja.