Printa isiyo na waya inapogoma: tuitafute njia kabla ya kumtafuta fundi

Si zamani sana, mashine ya kuchapa ilikuwa kitu cha ofisini, na mwenye haja ya karatasi alikwenda kwa mwenye ofisi. Hapa Dodoma hali imebadilika upesi. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mwaka 2016 Serikali ikatangaza kuhamishia shughuli zake hapa, na tarehe 26 Aprili 2018 mji ukapandishwa hadhi kuwa jiji. Watumishi na wanafunzi walipokuja, karatasi nazo zilikuja. Leo printa ndogo isiyo na waya utaikuta sebuleni kwa mwalimu huko Kisasa, chumbani kwa ustadhi wa madrasa huko Chang'ombe, na juu ya meza ya mama anayeilisha familia yake kwa steshenari iliyo jirani na chuo.

Ndiyo maana printa ikigoma, hasara haiishii kwenye mashine. Kijana aliyechaguliwa kuingia kidato cha tano huhitaji maelekezo ya kujiunga na shule, nayo hupatikana mtandaoni. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu hujaza maombi yake katika mfumo wa Bodi ya Mikopo, huyachapa, huyapeleka serikali ya mtaa yakatiwe saini na mhuri, kisha huyarudisha mtandaoni. Dirisha la maombi likifungwa, halimngojei mtu kwa sababu printa yake imekataa. Na kwa mama wa steshenari, siku moja ya printa kulala ni siku moja ya familia kukosa riziki.

Wengi printa inapogoma hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kumwita fundi, au kukata tamaa kwamba mashine imekufa. Ukweli ni kwamba mara nyingi printa isiyo na waya haiumwi. Imepotezana tu na wenzake. Makala haya yanakusudia kumwonesha msomaji namna ya kuwakutanisha tena, kwa utaratibu, kabla ya kutoa shilingi mfukoni.

Mtumaji, tarishi na mpokeaji

Kila karatasi inayochapwa bila waya hupitia mikono mitatu. Wa kwanza ni mtumaji, yaani kompyuta au simu. Wa pili ni tarishi, yaani ruta au kifaa chochote kinachotoa waifai nyumbani. Wa tatu ni mpokeaji, ambaye ni printa. Barua isipofika, mtu mwenye busara hawalaumu wote watatu kwa pamoja. Humwuliza mmoja mmoja.

Hapa pana jambo ambalo familia nyingi hulikosea: kuchapa bila waya si kutumia intaneti. Barua hutoka kwa mtumaji, hupita kwa tarishi aliye humo humo nyumbani, na kufika kwa mpokeaji. Bando likiisha, printa nyingi huendelea kuchapa waraka uliokwisha kuhifadhiwa kwenye kompyuta, mradi ruta imewaka. Kununua bando jipya ili printa ifanye kazi ni kutibu jino kwa dawa ya macho. Hata hivyo, zipo printa chache za kisasa ambazo mtengenezaji amezifunga kwa sharti la kuwa na intaneti muda wote. Mnunuzi na aulize jambo hilo dukani kabla ya kulipa.

Tuanze na mpokeaji

Tunaanza na printa kwa sababu kuipima hakuhitaji utaalamu. Ikiwa ni ile yenye kioo cha kutolea kopi, weka karatasi juu ya kioo na bonyeza kitufe cha kopi. Kopi ikitoka safi, basi wino upo, karatasi zinavutwa vizuri na mashine ni nzima. Kosa lipo njiani au kwa mtumaji. Kopi isipotoka, tazama karatasi iliyokwama, kifuniko kisichofungwa sawasawa au katriji iliyolegea. Katika hali hii kuhangaika na waifai ni kupoteza muda.

Printa isiyo na kioo cha kopi huweza kuchapa ukurasa wa taarifa zake yenyewe. Kitufe cha kubonyeza hutofautiana, lakini maelezo yake hupatikana katika kijitabu kilichokuja na mashine. Ukurasa huo una mambo mawili tunayoyahitaji: jina la waifai ambayo printa imejiunga nayo, na anwani yake ya mtandao, yaani tarakimu zinazotenganishwa kwa nukta. Anwani ikianza kwa 192.168, kwa kawaida printa imepokewa na ruta ya nyumbani. Ikianza kwa 169.254, maana yake printa haikupewa anwani na ruta, ikajipachika yake yenyewe. Hapo iunganishe upya na waifai.

Tarishi aliyesahau anwani

Ruta humpa kila kifaa anwani kwa muda, mfano wa mwenye nyumba ya wageni anayegawa vyumba. Umeme ukikatika na kurudi, vifaa huingia upya kwa pamoja, na chumba kilichokuwa cha printa huenda kikapewa simu ya mtoto. Kompyuta, isiyojua mabadiliko hayo, huendelea kupeleka barua kwenye anwani ya zamani. Hapo ndipo kioo cha kompyuta huandika Offline, na mwenye nyumba hushangaa kwa sababu printa iko mbele yake, taa inawaka.

Dawa ya kwanza ni mpangilio wa kuwasha. Zima vyote vitatu. Washa ruta kwanza na usubiri dakika mbili au tatu hadi taa zake zitulie. Kisha washa printa, isubiri ijiunge, na mwisho washa kompyuta. Dawa ya kudumu ni kuingia katika mipangilio ya ruta na kuitengea printa anwani moja isiyopewa kifaa kingine. Kazi hiyo hufanywa mara moja tu. Kwa steshenari inayotegemea mashine kila siku, inafaa kuifanya wiki hii hii.

Katika nyumba zetu nyingi, hata hivyo, hakuna ruta. Tarishi ni simu ya baba, ambayo hugawa waifai kwa njia ya hotspoti. Baba akitoka kwenda kazini au msikitini, tarishi ameondoka naye, na mama anabaki akilaumu mashine. Isitoshe, simu nyingi huzima hotspoti zenyewe ili kutunza chaji pale ambapo hakuna kifaa kinachoitumia. Basi kabla ya kitu kingine tuulize: simu iliyounganishwa na printa iko wapi sasa, na hotspoti yake imewashwa? Familia inayochapa mara kwa mara ingefaidika kwa kununua ruta ndogo inayobaki nyumbani.

Kuna tatizo la masafa pia. Waifai za leo hurushwa katika masafa ya gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Printa nyingi za bei nafuu husikia yale ya 2.4 peke yake. Ukinunua simu mpya inayogawa waifai kwa gigahezi 5, printa haitaiona kabisa, hata ukiziweka bega kwa bega. Ingia katika mipangilio ya hotspoti au ya ruta, uchague 2.4. Masafa hayo hupenya kuta vizuri zaidi, jambo lenye faida katika nyumba zetu za matofali ya saruji na milango ya chuma.

Vilevile, ukibadilisha ruta, jina la waifai au neno la siri, printa haitajua mpaka uiambie. Na ikiwa printa ni ya miaka mingi, huenda haielewi mfumo mpya wa ulinzi wa waifai uitwao WPA3, uliotangazwa mwaka 2018. Irudishe ruta kwenye WPA2, ambayo bado ni ulinzi wa kutegemewa kwa nyumba ya kawaida ikiwa neno la siri ni gumu.

Mtumaji mwenye foleni

Ikiwa printa ni nzima na waifai imesimama, mgeukie mtumaji. Fungua orodha ya kazi zinazosubiri kuchapwa. Mara nyingi utakuta waraka mmoja wa juzi umekwama mlangoni, na mwingine kumi nyuma yake. Mtu akiona haichapi, hubonyeza tena na tena, na kila kubonyeza huongeza foleni. Futa zote, kisha iwashe kompyuta upya. Kazi ikikataa kufutika, anzisha upya huduma ya kompyuta inayoitwa Print Spooler, ndiyo inayopanga foleni hiyo.

Baada ya hapo tazama orodha ya printa zilizosajiliwa. Si ajabu kukuta printa moja imeandikwa mara mbili au tatu, kila moja ikiwa na anwani yake ya zamani, na kompyuta imechagua iliyokufa. Ziondoe zote, uisajili upya ile iliyo hai.

Kwa wanaochapa kutoka kwenye simu, sharti ni moja: simu na printa ziwe katika waifai ileile. Simu iliyo kwenye data za bando haiioni printa iliyo kwenye waifai ya nyumbani. Na kompyuta ya ofisini iliyowashwa VPN huweza kufichwa isiione printa ya nyumbani. Izime kwanza, uchape, kisha uiwashe.

Walimu wa madrasa wanalo tatizo lao mahususi. Mtihani wenye maandishi ya Kiarabu huonekana sawasawa kwenye simu, lakini ukichapwa hutoka visanduku vitupu au herufi zilizotengana. Hapo printa haina kosa. Aina ya herufi ndiyo haikusafiri pamoja na waraka. Uhifadhi waraka kama PDF katika kifaa kilekile ulichouandikia, ndipo uutume. Ikishindikana, chagua kuuchapa kama picha.

Vumbi la kiangazi

Uwanda wetu wa kati hupata mvua msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili, na kwa wastani haifiki milimita 600 kwa mwaka. Miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo wenye vumbi, na ndiyo hiyo ambayo wazazi huhangaikia fomu za kidato cha tano na mikopo. Vumbi hukaa kwenye mipira inayovuta karatasi, nayo huanza kuteleza. Ukavu hukausha wino katika matundu membamba ya printa za wino wa maji. Basi ifunike printa kwa kitambaa safi inapopumzika, uifute mipira kwa kitambaa chenye unyevu kidogo mashine ikiwa imezimwa, na uchape angalau ukurasa mmoja wenye rangi kila wiki. Izime kwa kitufe chake kabla ya kuchomoa umeme, ili kichwa cha wino kirudi mahali pake na kufunikwa.

Muda ukiwa umekwisha

Dirisha linapofungwa usiku huohuo, si wakati wa kujifunza ufundi. Chukua waya wa USB uiunganishe printa na kompyuta moja kwa moja. Printa nyingi zisizo na waya bado zina tundu lake. Nyingine hutoa waifai yao wenyewe, ambayo jina lake huanza na neno DIRECT. Jiunge nayo kwa simu, nawe umempita tarishi kabisa. Yote yakishindikana, hifadhi waraka kama PDF uupeleke steshenari.

Hapo steshenari pana amana. Vyeti vya kuzaliwa, hati za ndoa, karatasi za mirathi na namba za vitambulisho hupita katika mashine za watu wengine. Mwenye steshenari na afute mafaili ya mteja mara baada ya kazi, na mteja asione haya kumkumbusha. Na anayeuza printa yake airudishe kwanza katika hali ya kiwandani, kwa sababu hubaki na neno la siri la waifai ya nyumbani.

Fundi atahitajika pale kopi inapokataa kutoka hata baada ya kusafisha, au printa isipoiona waifai yoyote, hata ile ya simu iliyowekwa kando yake katika masafa ya 2.4. Akija, mwambie umeshapima nini na umepata jibu gani. Fundi mwaminifu atafurahi, na asiye mwaminifu hatapata nafasi ya kukuuzia usichohitaji.

Tunashauri kila nyumba ibandike karatasi ndogo ubavuni mwa printa, yenye jina la waifai yake, anwani yake ya mtandao, na mpangilio wa kuwasha: ruta, printa, kompyuta. Neno la siri lisiandikwe hapo. Kwa karatasi hiyo, hata kijana aliyebaki peke yake nyumbani ataweza kuchapa fomu yake kabla dirisha halijafungwa.

Wabillahi tawfiq.